Namba za Penseli

Mwanangu Skolastika,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia kabla macho hayajafika mstari wa pili, ndivyo tulivyokulea. Barua za watu wazima huanza kwa kuulizana hali, lakini yako ninayo: umekaa uani kwenye mkeka, mama yako mdogo Leonia anakusuka, na sasa hivi umelalamika kwamba anazivuta nywele za kisogoni. Mimi niko sebuleni na kalamu. Ni saa kumi jioni, na treni yako ya Dodoma ni kesho asubuhi. Nimemwambia mama yako kwamba najaza daftari la gari, ili nisisumbuliwe. Tazama, barua haijafika nusu ukurasa, nimeshasema uongo mmoja. Na ndiyo habari yenyewe ninayotaka kukuandikia.

Mambo ya kuishi huko siyagusi. Insulini ikae wapi, pipi zikae mfuko gani, mwenzako wa chumbani umwambie nini kwanza, hayo mama yako amekuambia mara saba na kesho stesheni atakuambia ya nane. Tena unayajua kuliko sisi. Mimi nataka kukupa makosa yangu. Mtoto anayeondoka apewe na makosa ya baba yake, ayapakie pamoja na mashuka, yasije yakamshangaza huko mbele.

La kwanza hulikumbuki vizuri, ulikuwa darasa la pili. Ulianza kunywa maji. Unakunywa, unakojoa, unakunywa tena. Mama yako akasema kuna jambo. Mimi nikasema mtoto anayekunywa maji ni mtoto mwenye afya, na joto la Morogoro hili. Ulipoanza kukonda nikasema unarefuka. Nikanunua dawa ya minyoo, nikajiona daktari. Siku niliyorudi kutoka Mgeta na mzigo wa kabichi nikakukuta umelala, unahema kama mtu aliyekimbia, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, ndipo nikakubeba. Sikushusha hata kabichi moja. Tulikwenda hospitali na Fuso zima, mlinzi wa getini akaniuliza kama nimeleta mboga za wagonjwa.

Daktari wa zamu alinivuta pembeni. "Mzee, mwanao ana kisukari aina ya kwanza. Kongosho lake limeacha kutengeneza insulini."

Nikamuuliza, "Litaanza tena lini?" Nilimuuliza kama ninavyomuuliza fundi habari za stata ya gari.

"Halitaanza. Insulini ataipata kwa sindano, kila siku, maisha yake yote."

Nikamkasirikia daktari. Nikamkasirikia na Mungu pia, kwa adabu, lakini nilikasirika. Nikasali novena kongosho liwake. Halikuwaka. Siku ya tatu ulifumbua macho, ukamwambia mama yako kwamba baba ananuka kabichi. Mama yako akacheka mpaka akalia, na mimi nikaona Mungu amejibu ile sehemu iliyokuwa na haraka.

Miaka minne tukaenda hivyo, tunapapasa. Vipimo vya kidole vilikuwa haba, tukipima mara moja kwa siku tunajiona matajiri. Ulipofika miaka kumi na miwili ndipo wakaja watu wa utafiti kwenye kliniki yenu ya watoto. Sista Imelda, yule muuguzi mwenye sauti ya kwaya, akatukalisha wazazi kwenye benchi akatueleza. Walitaka kujua kama watoto wa huku kwetu wakivaa kile kibandiko cha mkononi kinachosoma sukari mchana na usiku, sukari yao itatulia kuliko ya wale wanaotoboa kidole na kuandika daftarini. Nusu watavaa, nusu wataandika, mwaka mzima, kisha watalinganisha. Nani avae na nani aandike, itasema bahasha iliyofungwa. Daktari hachagui, mzazi hachagui.

Nikapeleka habari kwa mjomba wako Prosper. Wewe ni mtoto wa ukoo wa mama yako, na sisi wanaume wa Kiluguru tunalijua hilo hata tukihamia mjini tukajifanya tumesahau. Ila nilipeleka habari baada ya kuwa nimeshasema ndiyo, na hilo lilikuwa kosa jingine. Siku ya pili yake mjomba aliteremka kutoka Mgeta, kofia kichwani, kapu la njegere mkononi, moja kwa moja mpaka mbele ya daktari wa utafiti.

"Huyu shemeji yangu," akamwambia daktari, "ni dereva. Kazi yake kubeba mizigo ya watu. Mwenye mzigo ni mimi."

Daktari akanitazama. Nikasema ni kweli.

"Sasa, damu ya mtoto mkishaipima mnaipeleka wapi?"

"Inapimwa maabara, mzee, ikibaki inachomwa kwenye tanuri."

"Tanuri liko wapi?"

"Kule nyuma."

"Twende."

Wakaenda, daktari na koti lake jeupe, mjomba na kapu lake. Walirudi wanacheka, na njegere zimebaki nusu kapu, maana alimgawia mchoma taka.

Utaratibu wao unataka sahihi ya mzazi. Mjomba akasema sawa, mimi nitie sahihi, yeye atasimama nyuma yangu. Nikatia, mkono wake uko begani kwangu kama polisi. Tukadhani tumemaliza. Sista Imelda akatoa karatasi nyingine, yenye maandishi makubwa, akakupa wewe.

"Hii ni ya Skola mwenyewe. Asipotaka, basi."

"Mtoto akatae, na sisi wazee tumeshakubali?" mjomba akauliza.

"Akikataa, mzee, tumeishia hapo."

Mjomba akavua kofia. "Kumbe mna adabu," akasema, na tangu siku hiyo hakuwahi kuwasema vibaya.

Uliisoma yote. Tulikusubiri, watu wazima wanne, tunakutazama unavyosogeza kidole. Ukauliza swali moja tu: "Nikichoka katikati?" Sista akakujibu kwamba utatoka, na dawa zako za kliniki utaendelea kupata kama kawaida. Ukaandika jina lako kwa penseli. Sista akakupa kalamu ya wino, ukaandika tena juu yake.

Bahasha ikatuangukia daftari. Mimi nilikuwa nimesali rozari nzima kwa ajili ya kibandiko, nikatoka pale uso umeninyauka. Wewe ukaniambia njiani, "Baba, sasa sisi tusipokuwepo, hao wenye vibandiko watalinganishwa na nani?" Nilikujibu twende tukale. 

Sasa lile kosa lenyewe. Nimelizunguka miaka saba, leo naliingia.

Dereva wa mizigo anajua namna moja ya kuandika daftari: liandikwe limpendeze mwenye gari. Tairi limepasuka kwenye kona za Mgeta kwa sababu ulikimbia, unaandika "msumari". Ulipitiwa na usingizi njiani, unaandika "foleni ya mizani". Nimeandika hivyo miaka yote na tajiri hajawahi kulala na njaa. Daftari lako nikalishika vilevile. Ulikuwa unatoboa kidole, unanisomea namba, na mimi naandika kwa ule mwandiko wangu ninaojisifia. Ukisema kumi na saba, sukari iko juu mno, naandika nane. Ukisema tatu nukta moja, imeshuka mno, naandika tano na nusu. Niliogopa. Walikuwa wanatupa vipimo vya kutosha kupima mara nne kwa siku, kitu ambacho hatukuwahi kuota, nikadhani namba zikiwa mbaya watasema familia hii haifai, watatutoa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa mwenyewe. Ya ndani zaidi ni hii: nilipenda Sista Imelda alipofungua daftari akasema, "Baba Skola, hongera." Mimi ni mtu wa darasa la saba. Sikuwahi kupewa hongera na mtu aliyevaa nguo nyeupe.

Na kulikuwa na uso wangu. Namba mbaya ikisomwa sikukugombeza hata siku moja, na nilikuwa najipongeza kwa hilo. Niligeuza uso tu, nikatoka nje kukagua tairi. Ningekugombeza ungenijibu. Lakini baba anayetoka kwenda kukagua tairi za gari lililoegeshwa tangu asubuhi, mtoto amfanye nini?

Mwezi wa nne tukaitwa. Sikujua kwamba ile mashine ya kupimia ina kumbukumbu. Ungeniuliza ningesema ni kama mizani ya sokoni, ukishusha mzigo imesahau. Daktari akaichomeka kwenye kompyuta, akafungua na daftari, akaviweka pamoja.

"Mzee, tarehe hii mashine inasema kumi na tisa. Daftari linasema saba."

Akafunua ukurasa mwingine.

"Na hii hapa. Na hii. Na kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinakubaliana na mashine."

Nilitaka kusema mashine ni mbovu. Wallahi, kama wanavyosema majirani zetu, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo ulipoingiza mkono kwenye mkoba wa shule, ukatoa daftari la hisabati, ukaligeuza nyuma mbele.

"Za kweli ziko huku," ukasema.

Kurasa kumi na moja, kwa penseli. Tena hukuandika namba peke yake. Pembeni ya kila moja uliweka maneno yako. "Ugali na mlenda, nimecheza rede." "Mtihani wa Kiingereza." "Sikula, nilikuwa nimekasirika." "Mgeta kwa bibi, nimepanda na ndoo kutoka barabarani. 2.9. Nimekula ndizi, bibi hajui." Daktari alisoma ukurasa wa kwanza amesimama. Wa pili akavuta kiti akakaa.

Sista Imelda akakuuliza kwa upole, "Skola, mbona hukutuonyesha siku zote hizi?"

Ukanitazama mimi, ukamtazama yeye. "Baba alikuwa anafurahi ukimpa hongera."

Mwanangu, nimewahi kupinduka na gari pale mteremkoni nikatoka mzima, nikajipangusa vumbi. Neno lako lile sijajipangusa mpaka leo. Wala sitaki.

Nilingoja kufukuzwa. Sista akafunga daftari langu taratibu. "Baba Skola, hapa hatusahihishi mtihani. Wewe ni dereva. Ukiulizwa njia ikoje, ukasema ni lami tupu na kumbe ni mashimo, anayekuja nyuma yako si ataingia?" Nikasema ataingia. "Basi nyuma yenu kuna watoto wengi."  Wakaniandikisha maelezo kwa mkono wangu kwamba namba zile ni zangu na si zako, wakaziweka kando, wakaendelea na zile za mashine. Hukutolewa. Padre aliponiuliza kwenye kitubio kama nimewahi kusema uongo uliomdhuru mtu, nilikuwa na mengi ya kumweleza, foleni nyuma yangu ikakohoa.

Lakini kumbuka na furaha yake, maana ndiyo kubwa. Maneno yako ya pembeni, ambayo mashine haikuwa nayo, ndiyo yaliyofungua jambo. Daktari alizipanga namba za chini zote, zikaangukia siku za Mgeta. Na si wakati wa kupanda tu, hata usiku wake, hata asubuhi iliyofuata. Akatueleza kwamba mwili uliopanda mlima unaendelea kula sukari hata ukiwa umelala. Sisi tulikuwa tunadhani hewa ya baridi haipatani nawe, bibi yako alishaanza kusema usiletwe tena. Wakakupunguzia insulini siku za mlima, wakakuambia ule kabla ya kuanza kupanda. Krismasi ile tulishuka kwenye gari pale barabarani, ukatangulia na ndoo yako kichwani, ukafika kwa bibi ukapima, ukapiga kelele kutoka juu: "Sita nukta nane." Bonde zima likasikia. Mimi nilikuwa bado nusu ya njia, nimeshika kiuno. Mjomba Prosper akasema kwa sauti ili watu wote wafaidi, "Mteremshieni dereva maji, leo hana gari."

Utafiti ulipokwisha wakatuita wote, wenye vibandiko na wenye madaftari, wakatueleza walichokiona, na hata ambacho hawajakielewa. Hilo lilinipendeza. Sijazoea kumsikia msomi akisema hili bado hatujui. Vibandiko vilisaidia, wakasema, na sisi wa daftari tukapewa vya kuvaa miezi kadhaa kama walivyoahidi tangu mwanzo. Wewe ukanyoosha mkono katikati ya watu, ukauliza wanajuaje kwamba si bahati tu, kwamba sukari ya hawa ingetulia hata bila kibandiko. Daktari akatabasamu. "Hiyo, binti, ni kazi ya mtu wa takwimu." Ukaniuliza njiani takwimu inasomewa wapi. Nikakujibu twende tukale.

Na kesho unakwenda kuisomea. Juzi kijiweni wameniuliza binti anasomea nini, nikawaambia takwimu. "Zile za sensa?" akauliza mmoja. Nikasema, "Za damu." Wakanisogezea benchi kwa heshima, nikaagiza chai nyingine. Furaha niliyonayo, Skola, sina pa kuiweka. Usiku nikilala naisikia inagonga kifuani kama mzigo ambao haukufungwa vizuri.

Kitu kimoja tu kinaniogopesha, na si sukari. Sukari tumeshazoeana nayo, ni kama mpangaji msumbufu, unajua saa zake. Ninachoogopa ni wema wako. Mwaka jana ulianguka kwenye mstari wa asubuhi shuleni, ukanyweshwa soda, ukaenda darasani. Sisi tulikuja kujua baada ya wiki tatu, kwa mama wa mwenzako niliyekutana naye sokoni ananipa pole, na mimi nauliza pole ya nini. Nilipokuuliza ukasema, "Ulikuwa na safari, baba. Sikutaka uendeshe na mawazo." Umesema kwa upendo, naujua. Lakini nilisikia ukifunga mlango ule ule wa zamani. Uliwaficha wauguzi ukweli ili baba yako asiaibike, ukaja ukanificha mimi ili nisiwaze. Dodoma ni mbali kuliko shule yako ya Morogoro. Nakuona kabisa umekaa kitandani mashine imeandika ishirini na mbili, unapiga simu, unasema, "Sijambo baba, niko vizuri kabisa." Na mimi nitaamini, maana nitapenda kuamini. Najijua.

Kwa hiyo nimejifunza. Utacheka, lakini wiki hii nzima nimekuwa nikifanya mazoezi na mama yako. Ananisomea namba mbaya ghafla, nikiwa nakula, nikiwa navaa viatu, na mimi natakiwa nikae palepale nilipo na nimuulize, "Halafu ukafanya nini?" Siku ya kwanza nilinyanyuka bila kujua, nikajikuta mlangoni. Jana alinisomea ishirini na tano nikakaa. Amesema shavu bado linacheza, ila kwa simu halitaonekana.

Niambie namba zote, mwanangu. Nyingine zitakuwa mbaya na hutakuwa na kosa lolote, zitakuja tu, kama mvua ya mlimani. Nyingine zitakuwa mbaya kwa sababu ulikula keki ya harusi ya mtu, na hiyo nayo uniambie, na ladha yake. Sitaki binti anayefaulu kwenye simu. Huko kuna watafiti watakaokuja kukuomba ushiriki kujaribu dawa hii au kifaa kile, na safari hii karatasi ni yako peke yako. Ukikubali sawa, ukikataa sawa. Mjomba amesema ameshavua kofia, haivai tena kwa ajili hiyo. Mungu akutangulie, na Bikira Maria akushike mkono kwenye ngazi za hosteli.

Ila nimekuomba kitu nisichokitoa mimi mwenyewe, na kuomba hivyo si haki. Wiki iliyopita nilikwenda kupimwa macho kwa ajili ya leseni, wakanipima na presha. Mia moja sabini kwa mia moja na tano. Nikaambiwa nirudi baada ya siku mbili, nikarudi, ikawa vilevile. Wamenipa vidonge. Nimevificha chini ya kiti cha gari, ndani ya boksi la fyuzi, na viwili vya mwanzo nimesahau kumeza. Sijamwambia mtu yeyote. Mama yako namwambia leo hii kabla ya chakula, nikiweka tu kalamu chini, lakini nilitaka wewe uwe wa kwanza kuipata namba hiyo, na uipate ilivyo.

Kama unaisoma ndani ya treni, usikunje uso, watu watadhani umeibiwa. Kaa palepale. Ukifika, nipigie uniulize kama nimemeza dawa, halafu uniambie mashine yako imesema ngapi.

Baba yako